Kalamu ya wino: jinsi ya kuichagua, na wino usiofaa kuandikia hati ya shamba

Kalamu ya wino ni ile yenye nibu, yaani ncha ya chuma iliyopasuliwa katikati, na wino wake huhifadhiwa tumboni mwa kalamu yenyewe. Mmarekani Lewis Waterman alipata haki ya uvumbuzi wa aina yake mwaka 1884. Peni hizi za kawaida, zenye kigololi kidogo kwenye ncha, zilifuata baadaye: Mhungaria László Bíró alisajili uvumbuzi wake mwaka 1938, na Bic ya Ufaransa ikaanza kuuza ile ya bei rahisi mwaka 1950. Tofauti kubwa kati ya hizi mbili ni wino. Wino wa peni ya kawaida ni mzito, wa mafuta. Wino wa kalamu ya nibu ni wa maji. Shika hilo, tutalirudia.

Wasikilizaji wetu wa Handeni na Korogwe wanaoulizia kalamu hizi ni wa aina mbili: anayetafuta zawadi ya mahafali, na aliyerithi ya mzee. Huyu wa pili asiitupe. Ukanda wetu ulikuwa na makarani wengi tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta mkonge mwaka 1893. Mashamba yalipoenea, kila ofisi ilihitaji mtu wa kujaza vipande, ile kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Ongeza walimu, makatibu na watu wa vyama vya ushirika. Baadhi ya kalamu zao bado zimo kwenye masanduku ya bati.

Ukiikuta ya zamani, usiijaze wino kwanza. Ivue taratibu, loweka sehemu ya nibu kwenye maji ya baridi usiku kucha, ubadilishe maji mpaka yatoke meupe. Usitumie maji ya moto wala spiriti, maana plastiki za zamani hupinda au kupasuka. Kisha tazama kifuko cha ndani. Kama ni cha mpira na kimekauka kama ganda, kitahitaji kubadilishwa, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye subira. Parker 51, iliyoingia sokoni mwaka 1941, ndiyo inayosifiwa kuliko zote za wakati wake. Nibu yake imefichwa, unaona kijincha tu.

Parker za kuanzia miaka ya 1980 zina herufi ndogo pembeni mwa kifuniko. Inatoka kwenye neno QUALITYPEN, ambalo Q ni 0, U ni 1, A ni 2, na kuendelea hadi N ambayo ni 9. Ni tarakimu ya mwisho ya mwaka. Kwa hiyo Y yaweza kuwa 1986, 1996 au 2006, na hapo utaamua kwa umbo la kalamu.

Kwa anayenunua mpya, angalieni nibu kabla ya kuangalia rangi. Wachimbaji wa Magambazi hawahitaji kufundishwa karati: 14K au 585 ni dhahabu asilimia 58.5, na 18K au 750 ni asilimia 75. Bila alama hiyo, njano unayoiona ni ya kupakwa juu ya chuma. Chuma si kibaya, kinaandika vizuri kabisa, ila usikilipie bei ya dhahabu. Na maandishi "Iridium Point Germany" si jina la kampuni. Kalamu nyingi zenye maneno hayo hazikutengenezwa Ujerumani.

Jambo jingine ni namna inavyojazwa. Vichupa vidogo vya kuchomeka havilingani kwa kampuni zote. Cha Parker hakiingii kwenye kalamu nyingine nyingi. Ukinunua Dar es Salaam au Tanga kalamu inayotaka kichupa ambacho Manundu au Chanika hakipatikani, umenunua pambo. Mimi ningechukua yenye pampu ya kuvutia wino kutoka kwenye chupa. Wino wa mhuri na wa printa usiutie humo, utaziba njia.

Sasa turudi kwenye wino, maana hapa ndipo mtu anaweza kupoteza shamba. Wino mwingi wa chupa, hasa wa bluu unaosemwa unafulika, ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji. Paa likivuja juu ya sanduku, maandishi yanaondoka. Jua nalo huufifisha. Na Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inampa mtu miaka 12 kufungua shauri la kudai ardhi. Hati ya mauziano uliyoandika leo mbele ya mwenyekiti na mashahidi inaweza kuitwa barazani mtoto wa darasa la kwanza akiwa ameshamaliza kidato cha nne.

Wino unaodumu upo. Ule wa masizi hauyeyuki ukishakauka karatasini, lakini ukiachwa ukaukie ndani ya kalamu utaiziba. Wino wa chuma, ambao wasajili wa ndoa Uingereza waliutumia miaka mingi, huzidi kuwa mweusi kadiri unavyokaa, ingawa hula nibu isiyosafishwa. Kama huna hizo, kwa hati andika na peni ya kawaida nyeusi. Kalamu ya nibu ibaki kwa barua na shajara.

Kujaribu ni rahisi. Andika mistari miwili kwenye karatasi ileile utakayotumia, acha ikauke siku nzima, dondosha maji kwenye mstari mmoja na upanguse. Mstari wa pili funika nusu kwa kitabu, weka dirishani penye jua wiki mbili, kisha linganisha. Tumia karatasi ya rimu ya gramu 80. Ya daftari ni nyepesi, wino wa maji husambaa na kutokea upande wa pili.

Na kama hati yako imeshaandikwa kwa wino wa kufulika, usipitishe kalamu juu ya maandishi, utaonekana umeghushi. Katoe nakala kwenye mashine ya fotokopi. Unga wake mweusi huyeyushwa kwa joto na kugandishwa karatasini, hautoki kwa maji. Peleka nakala pamoja na hati halisi kwa hakimu au wakili aithibitishe kwa mhuri, na hati yenyewe ifunge kwenye mfuko wa plastiki, mbali na jua.