Ukuta, Maji na Chokaa

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hutajwa katika malezi, katika ndoa na katika majukwaa ya siasa, hata aghalabu watu husahau kwamba maneno yake ni maneno ya kazi. Kwa mwashi wa pwani halikuwa fumbo. Ufa ulimwambia kwamba maji yamekwisha pata njia, na kwamba masika yajayo hayatabisha hodi.

Kuta za nyumba ziko za aina mbili, nazo hazilingani kwa mzigo. Wa kwanza ni ukuta ubebao dari. Mzigo wake hutoka juu na kushuka wima hadi msingini. Wa pili ni ule uzuiao ardhi: udongo uko upande mmoja, na upande wa pili ni uwazi, au njia, au bahari. Huu husukumwa ubavuni mchana na usiku. Udongo mkavu husukuma kwa kiasi; udongo ulioshiba maji husukuma maradufu, kwa kuwa maji nayo yana uzito na msukumo wake. Ndiyo maana ukuta wa aina hii hufanywa mpana chini kuliko juu, hulazwa kidogo kuuelekea udongo, hujazwa kokoto mgongoni, na huachiwa matundu ya kutolea maji. Anayeyaziba matundu hayo kwa kupenda ukuta ulio safi huwa ameanza kuuangusha kwa mkono wake.

Ushahidi mkongwe wa elimu hii katika pwani ya Waswahili uko Kilwa Kisiwani. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga kasri yake juu ya jabali linaloingia baharini, mashariki ya mji. Ndiyo Husuni Kubwa, ambayo Neville Chittick aliifukua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Kasri ile ina vyumba zaidi ya 100, ina birika lenye pembe nane, na ina ngazi za kushukia pwani. Nyua zake hazikai katika usawa mmoja. Mtu hupanda na kushuka kutoka ua hadi ua. Na kila penye nyua mbili zilizopishana kimo, hapana budi pawepo ukuta ulioshika ardhi ya juu isiiteremkie ya chini. Mgeni husifu birika na nakshi. Mwashi akifika, hutazama kwanza jinsi ardhi ilivyokatwa na kujazwa, kwani pasingekuwapo kazi hiyo, birika lisingekaa.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, katika enzi ya Sultani huyo huyo. Kasri haikudumu sana kukaliwa, na yamkini haikukamilika. Lakini sehemu zake zingali zimesimama juu ya jabali baada ya miaka 700 hivi, ilhali Gereza la Kilwa, ambalo ni dogo wake kwa umri, sehemu yake imekwisha liwa na bahari. Gereza lilianzishwa na Wareno mwaka 1505, likajengwa upya katika zama za Waomani, nalo limekaa chini, ufukweni. Mawimbi hayakuhitaji kulivunja. Yalichota mchanga chini ya msingi kidogo kidogo, na ukuta ukajiangukia wenyewe. Mwaka 2004 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na yakatolewa mwaka 2014. Baina ya miaka hiyo zilijengwa kuta za kuzuia bahari na ikapandwa mikoko. Mkoko nao ni ukuta, tena ukuta unaojikarabati wenyewe: mizizi yake hushika tope, na tope huuvunja nguvu wimbi kabla halijafika kwenye jiwe.

Miji mingine ya pwani haikuridhika kuizuia bahari, iliirudisha nyuma. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, ilipojengwa ilikuwa karibu na maji. Leo baina yake na gati iko safu ya nyumba iliyosimama juu ya ardhi ya kujazwa. Unguja nako, mahali paitwapo Darajani palikuwa na daraja kwa sababu palikuwa na hori. Hori lile lilijazwa hatua kwa hatua katika karne ya 20, na rasi iliyokuwa karibu kuwa kisiwa ikaungana na Ng'ambo. Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa mwaka 1936 na kukarabatiwa upya mwaka 2009, imekaa nyuma ya ukuta wa bahari. Watu huketi juu ya ukuta ule jioni, wakila urojo na kuwatazama vijana wakiruka majini, na ni wachache wanaofikiri kwamba kinachowaweka hapo ni ule ukuta walioukalia.

Zana za kazi hii zilitoka pale pale. Mawe yalikuwa ya matumbawe: yale magumu yaliyochimbwa katika mwamba wa nchi kavu kwa ajili ya kuta, na yale laini yaliyokatwa baharini yangali mabichi kwa ajili ya nakshi za mihirabu na vidaka. Boriti zilitoka mikokoni, Rufiji na Lamu, na urefu wake ndio uliopima upana wa chumba. Chokaa ilichomwa katika tanuu la wazi: magogo chini, mawe ya matumbawe juu, na moto wa siku kadhaa. Baadaye mawe yaliyoiva yalimwagiwa maji, yakachemka na kuwa unga, kisha yakaachwa yapoe na kukomaa. Fundi hodari hakuitumia chokaa changa. Aliichanganya na mchanga na udongo mwekundu, akajenga ukuta wenye unene wa nusu mita na zaidi, na mbele yake akaweka baraza. Baraza ni kiti cha wageni na wacheza bao, lakini ni kinga pia: hulinda tako la ukuta lisirushiwe maji ya njia, na mvua ikijaa kichochoroni huwa ndiyo njia ya kupitia.

Chokaa ina sifa moja ambayo wajenzi wa baadaye waliiona kuwa kasoro: ni laini, na hupumua. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu kutoka ardhini na kutoka mvuani. Ukipakwa chokaa, unyevu hutoka taratibu jua likiwaka. Jengo likitikisika kidogo, chokaa hufuata bila kupasuka sana. Kwa hiyo ilitaka kupakwa tena na tena, nayo kazi hiyo ilikuwa sehemu ya mwaka wa nyumba, kama vile kusafisha mifereji ya dari kabla ya masika.

Kisha ikaja saruji. Kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954, na kile cha Wazo, Dar es Salaam, mwaka 1966. Jambo la ajabu ni kwamba mawe ya matumbawe yale yale ya pwani ndiyo yaliyotiwa tanurini, safari hii pamoja na udongo na kwa moto mkali zaidi, hadi nyuzi 1,450 hivi. Saruji ilikuwa rahisi kupatikana, ilikauka upesi, na ilionekana imara. Wenye nyumba wakaipiga juu ya kuta kongwe. Nje pakawa pagumu. Ndani unyevu ukakosa pa kutokea, chumvi ikajikusanya, na chokaa ya babu ikageuka vumbi nyuma ya ngozi isiyoonyesha dalili. Saruji haina kosa katika jengo lake. Kosa ni kuivisha nyumba vazi la nyumba nyingine.

Hata hivyo, si saruji peke yake iliyoziumiza nyumba. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja zilikuwa za wakfu. Kodi yake ilipasa kwanza iitengeneze nyumba yenyewe, na tume ya kuusimamia wakfu iliundwa mwaka 1905. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali na kugawiwa wapangaji. Familia zilizokuwa hazina makao zikapata makao, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kodi ilikuwa ndogo mno kumlipa mwashi, na familia tano ndani ya nyumba moja hazikujua nani ana wajibu wa mfereji wa dari. Ufa ukawa wa wote, yaani si wa mtu. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukatambuliwa kuwa urithi wa dunia. Bado tarehe 25 Disemba 2020 Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 na kusalimika na mizinga ya 1896, ilianguka ubavu mmoja na watu wawili wakafariki. Mizinga ya Waingereza haikuiangusha. Ilianguka siku ya utulivu, kwa uchakavu uliokuwa umeonekana miaka mingi.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate katika Al-Inkishafi, akaifundisha nafsi kwamba fahari ya dunia haidumu. Mafunzo hayo ni ya kweli. Lakini isidhaniwe kwamba kwa kuwa kila nyumba itaanguka, basi hakuna haja ya kupanda darini na ufagio. Waliojenga Pate walijua kufa kuliko wajukuu wao, na bado walikomaza chokaa yao kabla ya kuitumia. Wazee wanaojua kuichoma na kuichanganya wanapungua mwaka hadi mwaka, na elimu yao iko mikononi zaidi kuliko vitabuni. Naye mwenye nyumba, awe tajiri au mpangaji, kazi yake ya kwanza ni nyepesi: kabla ya masika aizunguke nyumba, ayazibue matundu ya ukuta, ang'oe mche wa mtini uliochipua penye ufa, kisha autie ule ufa chokaa.