Beni za Tanga: Kibonzo Kilichochezwa

Mnamo 1902 Clifford Berryman alimchora Rais Theodore Roosevelt wa Marekani pamoja na mtoto wa dubu, na mchoro huo ukaenea nchi nzima. Kabla yake, mwaka 1874, Thomas Nast alikwisha kukivika chama cha Republican umbo la tembo. Tukitafuta vibonzo vya namna hiyo katika Tanga ya miaka hiyo tutarudi mikono mitupu. Gazeti la Kiongozi, lililochapishwa katika shule ya serikali ya Tanga hadi 1916, liliandikiwa habari na walimu na makarani wa Kiafrika, lakini wenye kauli walikuwa Wajerumani. Nani angethubutu kumchora Gavana humo kwa mzaha?

Nashikilia kwamba kibonzo kilikuwapo, ila kilichezwa barabarani. Ngoma ya beni ilianza kwenye pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikafika Tanga kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ilikuwa na gwaride, tarumbeta, sare, na vyama viwili vilivyoshindana: Marini, cha waungwana na wasomi wa mjini, na Arinoti, kilichowavuta zaidi watu wa bara na vibarua. Kila chama kilikuwa na ngazi ya vyeo, tangu Kingi hadi nesi.

Hapo mwanaisimu hana budi kusimama. Kiswahili kilikuwa na mfalme, liwali, jumbe na akida. Wachezaji wakapendelea vyeo vya kigeni. Kwa maoni yangu, neno la mkopo lilifanya kazi ya kalamu ya mchoraji: lilimvua mtawala heshima ya lugha ya nyumbani, likamwachia kofia na vifungo vya shaba.

Wako waliosema kwamba huo ulikuwa uigaji mtupu, na usemi huo umewadhalilisha babu zetu kupita kiasi. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, alionyesha kwamba beni ilirithi ngoma za ushindani zilizokuwapo pwani kabla ya utawala wa Wazungu. Hata hivyo sitaki kuwageuza wachezaji kuwa wapigania uhuru. Karani aliyemwigiza bwana mkubwa jioni alitamani pia kiti chake, na nyimbo kali zaidi hazikumlenga Mzungu hata kidogo: Marini waliwaimba Arinoti, na Arinoti wakawarudishia.