Homoni ya uzazi na matumaini ya wazazi wa watoto wenye usonji

HOMONI inayotumiwa na wakunga kila siku katika hospitali za uzazi kama Pumwani, si mbali na soko la Gikomba jijini Nairobi, ndiyo hiyo hiyo ambayo wanasayansi waliitarajia kwa miaka mingi kuwarahisishia watu wenye usonji kutangamana na wenzao.

Homoni hiyo huitwa oksitosini. Hutengenezwa katika haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo, kisha hutolewa katika damu na tezi ya pituitari. Hukaza misuli ya tumbo la uzazi wakati wa uchungu, hupunguza uvujaji wa damu baada ya kujifungua na husukuma maziwa mtoto anaponyonya. Mkemia Mmarekani Vincent du Vigneaud aliiunda katika maabara mwaka wa 1953, na mwaka wa 1955 akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Oksitosini hufanya kazi ndani ya ubongo pia. Miongoni mwa panya, huchochea mama kuwatunza wanawe. Mwaka wa 2005, watafiti wa Zurich, Uswisi, waliripoti kwamba wanaume waliopuliziwa homoni hiyo puani waliwaamini zaidi wageni katika mchezo wa fedha. Habari hizo zilienea upesi, pengine upesi kuliko ushahidi wenyewe, kwani majaribio ya baadaye hayakuthibitisha matokeo hayo.

Jibu zito lilitoka Marekani mwaka wa 2021. Watoto na vijana 290 wenye usonji, wa umri wa miaka 3 hadi 17, waligawanywa makundi mawili: moja likapuliziwa oksitosini, jingine kipulizo kisicho na dawa, kwa wiki 24. Hakukuonekana tofauti ya maana katika jinsi walivyohusiana na watu.

Isitoshe, si kila anayejitenga amepungukiwa na homoni. Mtoto anayeziba masikio karibu na mafundi wa jua kali wa Gikomba huenda anawapenda watu sana, ila nyundo zimemzidi. Huyo husaidiwa zaidi na mahali patulivu na mwalimu anayemwelewa.

Oksitosini haijaidhinishwa kutibu usonji. Ile ya wodi za uzazi ni ya sindano, na haifai kabisa kujaribiwa nyumbani.