Mitaa Iliyoachwa na Tramu

Anayehamia Los Angeles bila gari huonywa mapema kwamba atataabika. Kabla ya kulipa kodi ya nyumba, heri atazame ramani ya zamani ya tramu.

Mwaka 1901 tajiri Henry Huntington alianzisha kampuni ya tramu nyekundu ya Pacific Electric, ambayo reli zake zilikuja kupita kilomita 1,600. Fedha nono ilikuwa kwenye viwanja: alitandaza reli, kisha akauza ardhi ya kando yake. Kwa kuwa abiria alimalizia safari kwa miguu, nyumba zilijengwa karibu karibu na maduka yakajipanga vituoni, milango ikitazama njia ya waenda kwa miguu.

Halafu gari likatamba. Barabara ya kasi ya Arroyo Seco ilifunguliwa mwaka 1940, na tramu nyekundu ya mwisho, ya Long Beach, ikasimama mwaka 1961.

Highland Park, mtaa uliohudumiwa na tramu za njano, nazo za Huntington, umebaki na umbo lake: maduka yamebanana kwenye barabara ya Figueroa, na nyuma yake kuna nyumba za mbao zenye baraza. Treni ya kisasa inasimama hapo tangu 2003.

Hata majengo mapya sasa yanaweza kurudia umbo hilo: tangu 2023, sheria ya California inazuia miji kulazimisha maegesho kwenye majengo mengi yaliyo ndani ya mita 800 hivi kutoka vituo vikuu vya usafiri.