Kisumu: Jiji la ziwa lililokulia zizini

MGENI anayewasili Kisumu kwa mara ya kwanza hupokewa na ziwa. Huliona kupitia dirisha la ndege, hulikuta tena katika ufuo wa Dunga wavuvi wanaporejea na mitumbwi yao, na jioni huletewa sahani ya ngege kwa ugali. Ni rahisi basi kuondoka akiamini kwamba Waluo, ambao ndio wengi katika jiji hili, wamekuwa watu wa samaki tangu jadi. Wazee wao wangemrekebisha haraka. Kabla ya nyavu palikuwa na fimbo ya mchungaji.

Wahenga wa Waluo walitoka maeneo ya Bahr el Ghazal, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, wakashuka kusini kwa vizazi vingi pamoja na mifugo yao hadi walipofika kwenye ziwa wanaloliita Nam Lolwe. Ng'ombe ndiye aliyekuwa akiba, mahari, fidia na sadaka. Kilimo na uvuvi vilizidi kushika nafasi kadiri malisho yalivyopungua, na ugonjwa wa sotoka ulioangamiza ng'ombe kote Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 uliongeza pigo.

Muda mfupi baada ya msiba huo ndipo mji ulipozaliwa. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, na kituo chake kikaitwa Port Florence kwa heshima ya mke wa mhandisi mmoja wa reli. Miaka 100 baadaye, mwaka 2001, Kisumu ilipandishwa hadhi kuwa jiji. Uwanja wake wa ndege ukapanuliwa, bandari ikakarabatiwa, na mwezi Mei mwaka 2022 mameya na viongozi kutoka pembe zote za bara hili wakakusanyika hapo kwa kongamano la Africities. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,155,574 katika kaunti nzima.

Je, zizi limebaki wapi katika jiji kama hilo? Fort Worth, katika jimbo la Texas nchini Marekani, huswaga ng'ombe wa pembe ndefu barabarani mara mbili kwa siku ili watalii wapate kupiga picha. Kisumu haina tamasha la namna hiyo. Hata uwanja wa Mamboleo, ambako wakulima walikuwa wakileta mifugo yao kwenye maonyesho ya kilimo, tangu mwaka 2021 una uwanja wa michezo wa kimataifa wa Jomo Kenyatta. Anayetaka kuuona urithi huu hana budi kujua pa kuutafuta.

Mahali pa kuanzia ni Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980 kando ya barabara iendayo Nairobi. Watoto wa shule hukimbilia kwanza sanamu ya simba akimrarua nyumbu, lakini kilicho cha thamani zaidi kiko nje: boma kamili la Kiluo liitwalo Ber-gi-dala. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, inatazama lango kuu. Za wake wadogo zinafuata kwa zamu yao upande huu na huu, na ya mwana wa kwanza iko karibu na lango. Zizi limo ndani ya boma, mbele ya macho ya kila mtu. Kwa desturi mwenye mji alikuwa na kibanda chake, duol, kando ya zizi hilo, akaota moto na kula na wanawe huku akisikia ng'ombe wakicheua. Ramani hiyo pekee inaeleza mengi kuliko maandishi ya ukutani.

Kutoka hapo barabara inaelekea tambarare ya Kano, nchi ya mpunga na mafuriko ya Mto Nyando. Huko ndiko kwenye jiwe la Lwanda Magere. Masimulizi yanasema Magere alikuwa shujaa ambaye mikuki ya Wanandi haikumpenya, katika enzi ambazo jamii hizo mbili zilivamiana na kunyang'anyana mifugo. Wanandi wakamwoza binti yao, naye akagundua kwamba nguvu za mumewe zilikuwa katika kivuli chake. Kivuli kilipochomwa mkuki, Magere akaanguka na kugeuka jiwe. Inasimuliwa kwamba wawindaji walilinoa silaha zao hapo wakitafuta bahati.

Muziki nao haujasahau. Nyatiti, ala ya nyuzi nane ambayo mpigaji huichapa huku pete ya chuma kidoleni mwa mguu ikigonga mbao, imewambwa ngozi ya ng'ombe. Marehemu Ayub Ogada aliipeleka duniani, na wimbo wake Kothbiro, uliosikika katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005, umewaliza wengi wasiojua neno hata moja la Kiluo. Wengi wao wangeshangaa kujua kwamba ni wimbo kuhusu mvua inayokuja na ng'ombe wanaopaswa kurudishwa nyumbani.

Hata hivyo, ng'ombe wa Kiluo yu hai zaidi katika arusi na matanga, na hapo ndipo penye mabishano. Alipofariki mzee wa heshima, wanaume walikusanya mifugo ya ukoo, wakajifunga matawi, wakashika mikuki na ngao, kisha wakaiswaga kwa kishindo hadi mpakani kukifukuza kifo. Desturi hiyo ni tero buru. Siku hizi mjini honi za bodaboda mara nyingi hushika nafasi ya kwato, na matawi hupeperushwa kutoka madirisha ya magari. Raila Odinga alipofariki Oktoba 2025, maelfu walimuaga katika uwanja wa Mamboleo kabla ya mazishi yake huko Bondo, na tero buru ikawa gumzo hata kwa vijana ambao hawajawahi kufungua mlango wa zizi.

Mahari nayo bado huhesabiwa kwa ng'ombe, ijapokuwa mara nyingi kinachotolewa ni fedha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema kwamba pale mahari inapohitajika, kutoa sehemu ndogo tu kunatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Wapo wazee wasioridhika na hilo. Upande wa pili wapo wajane na yatima ambao fahali wao wa mwisho alichinjwa kulisha waombolezaji, na malalamiko yao hayawezi kupuuzwa kwa jina la mila. Mashamba yamegawanywa vipande vidogo. Ng'ombe akitoka leo, kumrudisha si kazi rahisi.

Mwenye siku ya ziada aende Thimlich Ohinga, kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Kuta zake za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, nyingine zikifikia urefu wa mita 4, zilikinga watu na mifugo tangu takriban karne ya 16. Shirika la Unesco liliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Ndani yake alama za mazizi bado zinaonekana.

Anayependa vumbi na kelele aelekee kaskazini, hadi Kakamega, umbali wa kilomita 50 hivi, ambako Waisukha na Waidakho huwapambanisha mafahali. Shughuli huanza mapema asubuhi, kwa hiyo mgeni anayelala Kisumu itambidi aondoke kabla ya jua kuchomoza.