Metali nzito katika ndege wa porini

Metali nzito katika ndege wa porini ni mrundikano wa zebaki, risasi, kadimi na metali nyingine za jamii hiyo katika damu, mifupa, ini, figo na manyoya ya ndege wasiofugwa. Metali haiozi: zebaki iliyomwagwa mtoni hubadilika umbo tu, ikabaki zebaki. Mkoani Songwe, Tanzania, suala hili linagusa machimbo ya dhahabu, mashamba ya kahawa ya wilaya ya Mbozi, iliko kata ya Iyula, na Ziwa Rukwa.

Vyanzo

Zebaki hutoka hasa machimboni. Katika eneo la dhahabu la Lupa, linaloenea wilaya za Chunya na Songwe, uchimbaji ulianza miaka ya 1920. Wachimbaji wadogo husaga mawe kwenye karasha, huchanganya unga wake na zebaki, kisha huchoma donge linalopatikana ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mvuke huja kutua ardhini, na zebaki iliyosalia katika marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, husombwa na mvua. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015, uchimbaji mdogo wa dhahabu ulichangia takribani 38% ya zebaki yote ambayo binadamu hupeleka hewani.

Risasi, kama jina lake linavyoonyesha, ni metali na pia ni kitu kinachotoka kwenye bunduki. Bata na kanga humeza vipande vyake wakidhani ni changarawe, na firigisi huvisaga vikawa sumu. Tumbusi huvipata katika mizoga na matumbo ya wanyama waliopigwa na wawindaji.

Shaba huja na viuakuvu vinavyopuliziwa kahawa dhidi ya magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Kiasi kidogo ni kirutubisho. Ikirundikana kwenye udongo wa juu kwa miaka mingi hupunguza nyungunyungu, chakula cha ndege wanaochakura ardhini.

Njia ya sumu

Katika tope lisilo na hewa, bakteria hugeuza zebaki kuwa methilizebaki, inayopenya mwilini kwa urahisi. Vijidudu vya majini huibeba, samaki wadogo huvila, samaki wakubwa huwala wadogo, na kila ngazi huongeza kiwango. Mwari, mnandi na tai mlasamaki wako ngazi ya juu. Mito ya Songwe na Momba humwaga maji yake Ziwa Rukwa, ambalo halina mto unaotoka. Maji huondoka kwa mvuke, na metali hubaki.

Athari

Risasi huvuruga utengenezaji wa damu na neva. Ndege hukonda, mabawa hulegea, akashindwa kuruka. Methilizebaki hudhuru ubongo na hupita katika yai hadi kwa kinda. Kadimi huharibu figo. Si kila kifo kina chanzo kimoja: heroe wengi walipokufa katika Ziwa Nakuru, Kenya, kuanzia mwaka 1993, watafiti walikuta metali miilini mwao, lakini pia walitaja sumu za mwani na magonjwa.

Upimaji

Unyoya unaoota hupokea zebaki kutoka kwenye damu, na ukikomaa huitunza. Hivyo ndege hupimwa bila kuuawa. Nchini Sweden, manyoya ya kale ya makumbusho yalifichua ongezeko la zebaki lililotokana na dawa za mbegu. Aina iliyohusika ilipigwa marufuku mwaka 1966.

Hatua

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017. Tanzania iliuridhia 2020. Umoja wa Ulaya ulikataza kufyatua risasi za bunduki zenye metali ya risasi katika maeneo oevu kuanzia Februari 2023. Kwa kahawa, aina chotara zinazohimili chulebuni, zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), yenye kituo Mbimba wilayani Mbozi, hupunguza haja ya kupuliza shaba.

Kwa kuwa metali ikishasambaa haikusanyiki tena, tiba ya kweli ni kuizuia pale inapotoka. Samaki anayeliwa na mwari wa Rukwa ndiye anayepikwa majumbani kandokando ya ziwa. Mchimbaji anayechoma dhahabu ndani ya chombo kilichofungwa, kinachonasa mvuke wa zebaki, huwalinda kwa tendo moja ndege, jirani na watoto wake mwenyewe.