Pesa za wazee na walipa kodi (Nyacheki)

Pesa za wazee ni ruzuku ya Sh2,000 kwa mwezi ambayo serikali ya Kenya huwalipa raia waliotimiza miaka 70 kupitia mpango wa Inua Jamii. Nyacheki, wadi ya eneo bunge la Bobasi, Kaunti ya Kisii, imo ndani ya mpango huo. Hapo awali walilengwa wazee wa kaya maskini pekee; tangu 2018 kigezo kikuu ni umri, mradi mtu hana pensheni.

Ruzuku hii ina mizizi katika kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, lakini mara nyingi hutajwa barazani kama fadhila ya chifu au mwanasiasa. Mtu akiamini amefadhiliwa, huona haya kuuliza kwa nini jina lake halimo. Na sababu za kuuliza ni nyingi. Wazee wengi walizaliwa bila cheti, mwaka wao ukakisiwa siku ya kuchukua kitambulisho. Aliyepunguziwa miaka husubiri huku mdogo wake akilipwa. Mwingine alisajiliwa, ila vidole vilivyosuguliwa na jembe na uchumaji wa majani chai havikusomeka kwenye mashine ya wakala wa benki.

Kwa upande wa walipa kodi, Uingereza, ambayo 2013 iliiwekea misaada ya kaya kikomo cha pauni 26,000 kwa mwaka, ilijenga hoja yake juu ya haki kwa anayefanya kazi na kulipa kodi. Hoja hiyo haiingii vizuri Nyacheki. Mwalimu anayekatwa kodi ya mapato (PAYE), asilimia 1.5 ya mshahara kwa ushuru wa nyumba na, tangu Oktoba 2024, asilimia 2.75 kwa bima ya afya, huenda ndiye anayemtumia mama yake pesa za matumizi. Mama akilipwa, mzigo wa mwana unapungua. Mama naye ni mlipa kodi: sabuni na sukari anazonunua zina VAT ya asilimia 16. Kuwagawa watu hawa kuwa watoaji na wapokeaji ni kuwakosea wote wawili.

Hasira ya kodi ipo, tena kali. Maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha yalifika hadi mjini Kisii, yakilenga ushuru mpya na ufisadi; pesa za wazee hazikulengwa.

Kinachowaudhi zaidi wapokeaji ni kucheleweshwa. Malipo ya miezi kadhaa yakilimbikizwa, mzee hukopa unga na dawa dukani, na pesa zikiingia huanza kwa kulipa deni.